AKIBA HAIOZI, LAKINI CHAMBO HUOZA



Tukutanapo katika mikutano ya matawi twazungumza sana habari za bei ya samaki, bei ya petroli, leseni na injini. Ni haki yetu, maana hayo ni mambo makubwa. Lakini liko jambo moja ambalo hatuliandiki katika ajenda kwa kuwa twaliona dogo, nalo latula kidogo kidogo kila tuingiapo baharini. Jambo hilo ni chambo: namna ya kukipata, namna ya kukitunza mpaka safari ijayo, na nani mwenye kukishika.

Maoni yetu ni haya, nasi twayasema wazi tangu mwanzo. Mvuvi anayengoja kupewa chambo kila asubuhi amefungwa kamba na yule anayempa. Na wavuvi wanaojua kuhifadhi chambo chao, wakakiweka mahali pao wenyewe, wamejipatia nusu ya uhuru wao wa kazi. Kwa hiyo kutunza chambo si kazi ya watoto wa pwani tu. Ni jambo la chama.

Tazameni vyombo vyetu. Mshipi ni mali, ndoana ni mali, injini ni mali, na kila kimoja kina mwenyewe na bei yake yajulikana. Chambo peke yake ndicho kisichohesabiwa. Hutupwa ndani ya ndoo, hufunikwa kwa gunia, huachwa juani, na kikinuka humwagwa baharini, kisha watu husema, "Tutapata kingine." Lakini ndoana bila chambo ni chuma kilichopindwa tu. Mtu ajaye kuvua changu, chewa au nguru kwa mshipi, au ategaye kamba ndefu yenye ndoana mia, hana kazi siku asiyokuwa na chambo, hata kama chombo chake ni kipya na petroli imejaa.

Tena chambo hakiji kwa utaratibu tuupendao sisi. Kila mvuvi wa pwani, tangu Vanga hata Kiunga, ajua jambo hili. Dagaa, vibua na una huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikua hata ukawa mpevu, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na vyombo vya taa hulala pwani. Pweza naye hupatikana zaidi wakati wa bamvua, mwamba unapokauka. Maji yakiwa mafu mwamba hauonekani vya kutosha, na watafutaji wa pweza hurudi mikono mitupu. Kisha yaja majira ya kusi, bahari yachafuka, na vyombo vidogo vingi haviwezi kuvuka mwamba. Hivyo chambo huja kwa wingi siku chache, kisha hutoweka. Lakini matumbo ya watoto hayafuati mwezi, wala ada ya shule haingoji bamvua.

Sasa tuulize: siku za wingi twafanya nini? Twauza vibua kwa bei ya kutupa, vingine twavitawanya, vingine vyaoza. Baada ya siku kumi twakwenda kununua vibua vile vile kwa bei ya juu, tena vimekwisha kulala ndani ya friza ya mtu mwingine. Mtu huyo hatumwiti mwizi. Ametumia akili tu: amenunua siku ya wingi, akauza siku ya uhaba. Lawama yetu ni juu yetu sisi wenyewe, kwa kuwa samaki wale walipita mikononi mwetu kwanza, nasi hatukuwashika.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Hesabu hii ni mfano tu. Kila diko liweke bei zake. Tuseme chombo kina mabaharia 5, na desturi ya mahali hapo ni kutoa gharama kwanza, kisha kinachobaki hukatwa nusu, nusu ya mwenye chombo na nusu ya mabaharia. Samaki wa siku moja wameuzwa shilingi 12,000. Petroli ni 3,000, barafu 500, chakula 500, na chambo kilichonunuliwa ni 1,500. Zabaki 6,500. Mabaharia wapata 3,250, kila mmoja 650.

Siku nyingine mambo yote ni yale yale, ila chambo kimeoza njiani na imebidi kununua kingine kwa wavuvi wenzao kwa 1,500. Zabaki 5,000. Kila baharia apata 500. Ndoo moja iliyoachwa juani imemla kila mtu shilingi 150.

Siku ya tatu mabaharia wametumia chambo walichokiweka wenyewe wakati wa wingi, na gharama yake yote pamoja na chumvi na barafu ya kukitunza ni 600. Zabaki 7,400. Kila baharia apata 740. Tukiacha habari ya kuoza, tofauti ya 650 na 740 ni shilingi 90 tu, na mtu aweza kusema ni kidogo. Lakini kwa safari 20 ni shilingi 1,800 kwa kila mtu, bila kuvua samaki hata mmoja zaidi. Na mwenye chombo naye amepata zaidi siku hiyo, 3,700 badala ya 3,250. Basi mwenye chombo aliye mwema hana sababu ya kupinga shauri letu. Atakayepinga ni yule ambaye yeye mwenyewe ndiye muuza chambo, kwa maana huyo hula mara mbili: hula faida ya chambo kabla ya mgawo, kisha hula nusu yake ya mgawo.

Fedha si kitu cha pekee. Chombo kisicho na chambo asubuhi hutangatanga kutafuta vibua mpaka jua limepanda. Petroli yateketea, na saa nzuri za samaki zapita. Ndipo nahodha, ili kurudisha gharama, huamua kwenda mbali zaidi na kukaa zaidi kuliko alivyokusudia. Kurudi ni usiku, upepo umebadilika, na mlango wa mwamba hauonekani. Nani kati yetu hajui hatari hiyo? Chambo kilichowekwa tayari tangu jana humpa nahodha nafasi ya kuondoka kwa wakati na kurudi kwa wakati. Twakihesabu chambo pamoja na vitu vya usalama.

Sasa namna ya kuhifadhi. Hatuandiki haya kama walimu. Wazee wetu waliyajua kabla yetu. Pwani hii imekula papa wa chumvi na ng'onda karne nyingi, na majahazi kutoka Arabuni na Benadiri yalikuwa yakileta samaki wakavu mpaka Mombasa. Elimu ya chumvi imo nyumbani mwetu. Tumeiacha tu, tukadhani kwamba bila umeme hakuna kuhifadhi.

Njia ya kwanza ni chumvi, nasi twaiweka kwanza kwa sababu ni rahisi, haihitaji umeme, na chumvi yenyewe yatolewa papa hapa pwani, huko Gongoni na Marereni. Chagueni samaki wapya, macho maangavu na mashavu mekundu ndani, maana chumvi haifufui kilichooza. Waosheni kwa maji safi ya bahari, si karibu na mtaro wa mji. Wadogo waacheni wazima. Wakubwa wapasueni mkatoe matumbo, kwa kuwa tumbo ndilo linaloanza kuoza. Kisha katika ndoo au pipa safi wekeni tabaka la chumvi, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, mpaka juu. Kipimo kizuri ni kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki. Wekeni kitu kizito juu yake. Chumvi itavuta maji kutoka katika nyama, na maji hayo yatawafunika samaki. Yaacheni, msiyamwage, kwa sababu yazuia hewa, na hewa ndiyo inayoharibu mafuta ya vibua na dagaa. Funikeni vizuri, mkaweke kivulini.

Baada ya siku moja au mbili nyama imekuwa ngumu, na hapo chambo kina faida ambayo hata kibichi hakina: hakichomoki upesi katika ndoana. Samaki wadogo wadokoaji hawawezi kukimaliza mara moja. Chambo kilichokolea chumvi hivyo hukaa majuma kadhaa. Siku ya safari kiloweke kidogo katika maji ya bahari, kilainike na harufu yake irudi.

Njia ya pili ni barafu. Hapa twapoteza sana kwa kutokujua. Katika joto letu samaki wanataka barafu sawa na uzito wao, kilo kwa kilo. Watu wengi huweka vipande vitatu juu ya ndoo nzima, kisha hulaumu barafu. Tena yapasa barafu iwe chini, katikati na juu. Barafu inapoyeyuka ndipo inapofanya kazi yake, kwa maana katika kule kuyeyuka hunyonya joto la samaki. Lakini yale maji yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, na chambo kikikaa ndani yake huwa cheupe na kulegea, hasa ngisi. Dawa yake ni rahisi. Tieni chambo katika mikebe yenye vifuniko, hata ile ya kasuku, mkafukie mikebe hiyo ndani ya barafu, na kasha liwe na tundu la kutoa maji chini. Mwenye haraka aweza kuchanganya barafu na maji ya bahari katika pipa; mchanganyiko huo hupoza samaki upesi kuliko barafu peke yake, kwa kuwa wagusa kila upande wa samaki. Na kasha likae kivulini, lifunikwe gunia lililoloweshwa, wala lisifunguliwe kila mtu atakapo kuchungulia.

Njia ya tatu ni friza, kwa wale wenye umeme. Friza nayo yataka adabu. Samaki wakirundikwa pamoja kilo ishirini huganda polepole, na barafu inayofanyika ndani ya nyama huwa chembe kubwa zenye kupasua nyama hiyo. Ikiyeyuka, chambo chawa kama uji. Basi wapakeni chumvi kidogo kwanza, waache nusu saa wakazane, wafuteni maji, kisha wapangeni kwa tabaka nyembamba, kila mkebe chambo cha safari moja tu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumieni mikebe ya plastiki yenye vifuniko, tena ijazwe vizuri ili hewa isibaki. Friza nzuri ni ile inayofika digrii 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika msiifungue. Friza iliyojaa hukaa na baridi yake muda mrefu kuliko iliyo nusu. Na chambo kilichokwisha kuyeyuka kisirudishwe kugandishwa tena. Kipakeni chumvi, mkitumie safari ijayo.

Hapa twatoa onyo, nalo ni zito. Chambo si kitoweo. Vibua, una, dagaa na jamii ya jodari wakikaa katika joto hufanya ndani yao sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Aliyekula hupatwa na wekundu wa uso, kichwa kuuma, tumbo kuchafuka na moyo kwenda mbio. Tumesikia mabaharia wakisema, "Chambo kimebaki, twende tukakaange." Kama kilikaa juani, msikile, wala msiwauzie akina mama wakaangao samaki, maana watakaodhurika ni watoto wa wafanya kazi wenzenu. Wala mtu asithubutu kutia dawa za hospitali au za kuhifadhia maiti ili samaki wasioze. Huo si uhifadhi, ni uuaji.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria watasema kwamba haya ni mambo ya maji ya chumvi, na mambo yao ni mengine. Ni kweli kwamba mbuta wa ziwani apenda chambo kilicho hai, na kwa kamba za ndoana wao hutumia fulu na vitoto vya mumi. Lakini hoja ni ile ile, ila badala ya chumvi wao wanahifadhi uhai. Maji yakipata joto hubeba hewa kidogo, na samaki wengi katika ndoo moja huvuta hewa hiyo wakaimaliza. Basi maji yabadilishwe mara kwa mara, ndoo iwe kivulini, na idadi iwe ndogo. Mumi ana nguvu kwa sababu aweza kuvuta hewa ya juu, na ndiyo maana wako wafugaji ambao siku hizi hufuga vitoto vyake katika mabwawa na kuwauzia wavuvi. Twauliza wanachama wetu wa ziwani: ikiwa mfugaji aweza kufuga chambo na kukuuzieni, kwa nini tawi zima lisiweze kuchimba bwawa lake?

Sasa tujibu wanaopinga, maana wako, nao ni watu wa maana.

Wako wasemao kwamba chambo kibichi ndicho bora, na samaki wakubwa hawadanganyiki. Hatubishani nao. Kibua kilichotoka majini sasa hivi chashinda kilichotiwa chumvi, kwa nguru hasa. Lakini swali si kibichi au cha chumvi. Swali la siku nyingi ni cha chumvi au hakuna kabisa. Changu na chewa wa chini ya mwamba hula kwa harufu, nao hawakatai chambo cha chumvi kilicholowekwa vizuri.

Wako wasemao kwamba tukianza kuweka akiba, watu watavua kila kidogo kilichopo ili wajaze mapipa. Hofu hii ni ya haki. Twasema wazi kwamba chama hakitamtetea mwanachama atakayekokota chandarua cha mbu katika mikoko na majani ya bahari, akakusanya vitoto vya changu na tafi akaviita chambo. Huyo anakula mbegu. Lakini uhifadhi mzuri hupunguza uvuvi huo, hauuongezi, kwa sababu mtu hukimbilia vitoto vya samaki siku ile asiyokuwa na chambo kingine. Pipa likiwa limejaa vibua vya juma lililopita, hana sababu ya kwenda kuharibu mikoko.

Na wako wasemao, "Tajiri wetu hutupa chambo bure, kwa nini tujisumbue?" Ndugu, tazameni daftari. Kama hakuna daftari, hapo ndipo penye neno. Hakuna chambo cha bure. Ama kimetolewa katika gharama, ama kimelipiwa kwa bei ndogo ya samaki mnaolazimishwa kumwuzia yeye peke yake. Apewaye chambo kwa mkopo asubuhi hana ulimi wa kuulizia bei jioni.

Twafika sasa kwa wanachama walioajiriwa kwa mshahara, yaani mabaharia wa vyombo vya watalii wavuao kwa mchezo huko Watamu, Malindi na Shimoni, na wa vyombo vikubwa. Kwenu chambo si suala la akiba bali la saa za kazi. Chombo chafika pwani jioni, mtalii apiga picha na samaki wake, aondoka. Baharia hubaki. Aosha chombo, kisha akaa chini kupasua, kutia chumvi, kushona chuchungi katika ndoana na kupanga ndani ya friza kwa ajili ya kesho. Saa mbili zapita, na kwa maoni ya baadhi ya waajiri hiyo si kazi, ni "kujitayarisha." Twasema ni kazi. Mkono unaoshika kisu kwa amri ya mwajiri uko kazini, chombo kiwe kinatembea au kimefungwa gatini. Saa hizo ziandikwe na kulipwa.

Tena friza ikiharibika na chambo kikaoza, baharia asikatwe mshahara ovyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yataja ni makato gani yanayoruhusiwa, na kuhusu hasara ya mali ya mwajiri yataka iwe imetokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Umeme kukatika si kosa la kusudi la mtu. Mwajiri kukataa kununua barafu si kosa la kusudi la baharia. Na kifungu cha 20 chataka mfanya kazi apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake na makato yake. Dai maandishi hayo, ukayalete kwa katibu wa tawi.

Kwa ndugu wanaolipwa kwa mgawo, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa sheria nyingi humtazama mtu wa mshahara. Lakini Mkataba wa Kazi ya Uvuvi, namba 188, uliopitishwa na Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva mwaka 2007, wamtaja hata mvuvi alipwaye kwa mgawo kuwa ni mfanya kazi mwenye haki. Kenya iliuridhia mwaka 2022. Mkataba huo wataka mvuvi awe na mapatano ya maandishi, na kama analipwa kwa mgawo, mapatano hayo yaseme mgawo ni kiasi gani na wahesabiwa namna gani. Sikilizeni vizuri maneno hayo: "wahesabiwa namna gani." Chambo kimo ndani yake. Ni nani anunuaye, kwa bei ya nani, kilichobaki ni cha nani, na kikioza hasara ni ya nani: maswali hayo manne yaandikwe katika kila mapatano, na chama kisitie sahihi karatasi isiyoyajibu.

Shauri letu kwa matawi ni hili.

Kwanza, kila tawi la wavuvi lianze na chumvi, si na friza. Gunia za chumvi na mapipa mawili yenye vifuniko hayashindi mfuko wa tawi lolote. Tumeona mahali pengi watu wakingoja mtambo wa barafu wa Serikali au wa wafadhili miaka na miaka, na huku vibua vikioza mbele yao. Tuendelee kuudai mtambo, ni haki yetu, lakini tusikae bure tukingoja.

Pili, achaguliwe mtunza chambo mmoja, mwenye daftari. Kila mwanachama aletaye samaki aandikiwe kilo zake, na kila achukuaye aandikiwe. Mtunza chambo alipwe kitu kidogo, maana kazi yake ni kazi kama nyingine. Na asiwe ndugu wa tajiri wala ndugu wa katibu.

Tatu, pweza wanunuliwe kwa akina mama wanaokwenda mwambani wakati wa bamvua, kwa bei iliyopatanwa mbele ya wote. Hatuwezi kulia juu ya bei tunayopewa na wachuuzi, kisha sisi wenyewe tukawapunja wake na dada zetu.

Nne, wazee wajuao kutia chumvi waitwe kuwafundisha vijana, siku moja kila mwezi, na Bwana Samaki wa mahali aalikwe kuja kueleza habari za barafu na usafi. Msiwaonee haya wazee. Kijana ajuaye injini lakini hajui chumvi amejua nusu ya kazi.

Tano, habari ya chambo iwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa kila tawi, si katika "mengineyo," bali juu, karibu na bei ya samaki. Makatibu watuletee katika gazeti hili hesabu za kweli za madiko yao: chambo chanunuliwa kwa bei gani siku ya giza na siku ya mbalamwezi, na nani auzaye. Tutazichapa, bila majina, ili diko moja lijue yanayofanyika diko la pili.

Liko neno moja la mwisho. Watu husema samaki mmoja akioza huoza wote, na mara nyingi neno hilo hutumiwa kuwatisha wanachama wasiseme mabaya ya wenzao. Sisi twalichukua kama lilivyo, kwa mvuvi na pipa lake. Katika pipa la pamoja kila mtu ana sababu ya kutazama samaki wa mwenzake, na kuuliza, na kukataa kilicho kibovu kabla hakijaingia. Yule mwenye ndoo yake peke yake huoza peke yake, na asubuhi huenda kukopa.

Mwezi wa giza unakuja, na vibua vitafika. Safari hii visipite mikononi mwetu bure. Nunueni chumvi.